Skrubu ya pedikeli kwenye CT, hii ni B au C?

kijana_wa_mifupa: Wakuu habari za saa hizi. Nipo mafunzoni upasuaji wa mifupa, nimepewa kazi ya kukagua CT za baada ya operesheni ya mgongo nione skrubu zimekaa ndani ya pedikeli (kile kishingo cha mfupa nyuma ya pingili) au zimetoboa, natumia ile skeli ya Gertzbein na Robbins ya 1990, ya herufi A mpaka E: A haijatoka kabisa, B imetoka chini ya milimita 2, C ni 2 mpaka 4, na kuendelea. Sasa kuna skrubu moja L4 (pingili ya nne ya kiuno) kushoto, mimi nimepima imetoka milimita 2.3 upande wa ndani nikaandika C, mwenzangu kapima 1.5 kaandika B. Na ugomvi upo hapo hapo kwenye 2, maana A na B zinahesabika zimekaa vizuri, ukifika C ushaharibu. Nani yuko sahihi?

jicho_la_CT: Picha mmeifungua kwa dirisha gani, yaani mpangilio gani wa mwanga wa picha? Kama la tishu laini pole yako, chuma kinavimba humo. Pima unene wa skrubu yenyewe hapo kwenye skrini halafu angalia ripoti ya operesheni wameandika namba ngapi.

kijana_wa_mifupa: Duh. Kwenye skrini inasoma 8, ripoti inasema 6.5 😅

jicho_la_CT: Si unaona. Hiyo tofauti ya 1.5 kati ya 8 na 6.5 ni hewa, gawa kwa pande mbili, kila ukingo umeongezewa kama 0.75, toa kwenye 2.3 yako unabaki na 1.55, kwahiyo mwenzio hajakosea. Rudi dirisha la mfupa ulipanue, chukua vipande vya milimita 1 au chini ya hapo, geuza picha ifuate skrubu ilivyolala maana ukiikata mshazari inakuwa kama yai na hapo utapima chochote unachotaka. Mimi huwa napiga mstari katikati ya skrubu, nachora juu yake upana wake halisi, ndo napima. Titaniamu ina nafuu, ile ya stili ni balaa.

mzee_wa_kisu: Vijana msiandike herufi tu, andikeni na upande iliotokea. Milimita 3 kwenda nje kule T5 (pingili ya tano ya kifua) pengine daktari mwenyewe kaipitisha makusudi, pedikeli za pale ni nyembamba, inatoka inapita kwenye kiungo cha ubavu inarudi kwenye mwili wa pingili. Milimita 3 hizo hizo kwenda ndani unaelekea ugwe wa mgongo. Kwenda chini kuna mzizi wa neva umeegemea pale pale. Na ncha ikichomoza mbele jirani na aota, ule mshipa mkubwa wa damu, skeli yenu haina habari nayo, yenyewe inaangalia ukuta wa pedikeli basi.

Neema_k: Samahani naingilia, mama yangu aliambiwa skrubu imetoka kidogo ila anatembea vizuri, kwa hiyo ni hatari?

mzee_wa_kisu: Dada, picha ni picha, mgonjwa ni mgonjwa. Wapo wenye C hawasikii chochote. Akianza ganzi, mguu kulegea au maumivu yanayoshuka mguuni mrudishe kwa daktari wake haraka, ila kama hana hayo muulize tu kliniki ijayo imetokea upande gani.

jicho_la_CT: @kijana halafu kila mtu asome peke yake, bila kujua skrubu ipi iliwekwa kwa mkono na ipi kwa roboti, kama zipo za roboti, mkipishana aamue wa tatu. Kapa (kile kipimo cha wasomaji wanakubaliana kiasi gani) mpige kwenye majibu ya mwanzo, sio mkishakaa mkakubaliana.

kijana_wa_mifupa: Tulishakaa tukakubaliana 🙈 Ngoja nianze upya zote.