Tupeane uzoefu: Mkia wa ndege ya shirika gani haujakutoka kichwani, na ulijisikiaje walipoubadilisha?

Kipanga Mtazamaji (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Juzi nilikuwa napanga picha zangu za ndege, za zamani huku, za karibuni kule. Zile za miaka ya sabini na themanini karibu zote zina mstari mnene unaoanzia puani, unapita kwenye madirisha, unaishia mkiani. Hizi za sasa bodi nyeupe, jina kubwa limeandikwa ubavuni, rangi zote zimekimbilia mkiani. Nikakaa nikajiuliza, ule mstari uliondoka lini?

Kwa vijana ambao hawakuukuta: mstari ulikuwa na kazi yake. Ulifanya ndege ionekane ndefu na nyembamba, na madirisha yakawa kitu kimoja badala ya matundu matundu. Air France walihamia bodi nyeupe mwaka 1976, na wenzao wengi wa Ulaya wakafuata mmoja mmoja. Kabla ya hapo Braniff wa Marekani walishaenda njia nyingine kabisa. Mwaka 1965 walimchukua msanifu Alexander Girard, akawapakia kila ndege rangi moja mwili mzima: hii ya chungwa, ile njano ya limau, nyingine bluu. Mwaka 1973 wakampa msanii Alexander Calder ndege nzima aina ya DC-8 aichore. Nani leo anathubutu hivyo?

Naanza mimi. Mkia wangu ni wa Swissair: mwekundu, msalaba mweupe katikati, basi. Baba alikuwa akirudi safari ananiletea kadi za posta zenye picha za ndege, na huo ndio nilioweza kuuchora bila kukosea. Penseli nyekundu ndiyo ilikuwa inaisha kabla ya zote kwenye boksi langu. Shirika lilipofungwa mwishoni mwa Machi 2002 nilikuwa mtu mzima, lakini nilizitoa zile kadi nikazitazama usiku mzima. Kilichonipoza ni kwamba waliorithi, SWISS, hawakuugusa msalaba.

Karibuni. Mkia gani, na nini kilikupata ulipobadilishwa?

Fundi Msasa

Mleta mada, ubarikiwe kwa uzi huu. Mimi napaka ndege, mwaka wa kumi na moja sasa, na sijawahi kuona watu wakiizungumzia kazi yetu.

Wengi wanadhani ndege inapakwa kama ukuta. Sivyo. Siku nyingi zinaishia kwenye maandalizi, yaani kuondoa rangi ya zamani, kuosha, kuziba. Tunaziba madirisha, tunaziba vile vitundu vidogo vya kupimia msukumo wa hewa, na kila kilichozibwa kinaandikwa ili kizibuliwe, kwa sababu kitundu kimoja kikisahauliwa rubani anasomewa mwinuko wa uongo. Puani tunatumia rangi isiyo na chembe za chuma, kwa kuwa nyuma yake kuna rada. Halafu usukani wa mkia, kile kipande cha nyuma kinachogeuka. Ule ukishapakwa lazima upimwe usawa wake. Rangi ikizidi upande wa nyuma ya bawaba, usukani unaweza kuanza kutetemeka ndege ikiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo mbunifu anapochora ua kubwa linalopita kwenye usukani, kuna mtu huku chini atakaa na mizani.

Sasa kisa changu. Sehemu za alumini tunamwagia dawa, rangi inavimba na kubanduka yenyewe. Sehemu za nyuzi za kaboni hazitaki dawa ile, zinapigwa msasa. Siku moja nilipewa usukani wa ndege iliyokuwa imepita kwa wapangaji kadhaa, yaani mashirika yaliyoikodi. Nikaanza kusugua pembeni, taratibu. Nyeupe ikaisha, ikatokea bluu. Bluu ikaisha, ikatokea utepe mwembamba wa dhahabu, halafu nyekundu nzito, halafu praima ya kijani, ile rangi ya msingi. Duara ndani ya duara, kama kisiki cha mti kilichokatwa. Nilipitisha kidole, unausikia kabisa ukingo wa kila rangi. Mashirika matatu, na mawili kati yao hayaruki tena. Nilimwita msimamizi aje aone. Alisimama pale muda mrefu, mkono kwenye usukani, hakusema kitu.

Na nyeupe haikuja kwa bahati mbaya. Haivuti joto sana, ikichujuka haionekani upesi, na mwenye ndege akirudishiwa na mpangaji anabadilisha mkia na jina tu. Kuhusu joto, mkumbukeni Concorde, ile ndege ya abiria yenye mwendo kuliko sauti, ya Pepsi mwaka 1996. Waliipaka bluu kwa ajili ya tangazo, mabawa yakaachwa meupe, na ikaruhusiwa kuruka kwa mwendo wa mara mbili ya sauti kwa dakika 20 hivi tu, wakati wenzake weupe hawakuwa na kikomo hicho.

Tandabui

Fundi, hapo kwenye duara ndani ya duara nimesoma mara mbili.

Wa kwangu ni American Airlines wa chuma kitupu. Ile bodi isiyopakwa, inang'aa, ina mistari mitatu, na mkiani herufi mbili za A na tai katikati. Massimo Vignelli aliibuni mwaka 1967, wakaishi nayo hadi Januari 2013. Jua likiwa la jioni ndege nzima inageuka rangi ya jua. Nilipoona ile ya fedha ya kupakwa niliumia, hadi nilipoelewa kwamba ndege mpya kama Boeing 787 bodi yake si chuma, hakuna cha kusugua king'ae.

Dada wa Njia ya Kati

Tandabui, umenigusa pabaya.

Mimi nimekuwa mhudumu wa ndani ya ndege. Shirika langu silitaji, liliunganishwa na lingine kubwa zaidi, na tulijua siku itafika. Lakini kujua ni kimoja na kuona ni kingine. Nilifika alfajiri, mvua ya rasharasha, nikatembea kuelekea ndege ambayo nilikuwa nimeifanyia kazi miaka sita. Niliijua hadi mlango wa jiko unaokwama. Nikanyanyua macho, mkia si wetu. Ndege ni ileile, namba ya usajili ileile, mlango ulikwama vilevile, ila mkiani kuna nembo ya watu wengine. Mwenzangu mmoja aligusa bodi kabla ya kupanda ngazi, kama unavyomgusa mtu begani. Sote tukafanya hivyo, bila kuambizana.

Ndiyo maana niliwaheshimu American katika jambo moja. Walipoungana na US Airways, bosi mpya Doug Parker aliwaachia wafanyakazi wapige kura kuhusu mkia: mpya wenye mistari ya bendera, au herufi za zamani zirudi. Januari 2014 ule mpya ukashinda kwa kura chache. Hata walioshindwa waliulizwa. Sisi hatukuulizwa.

Mzee wa Mizigo

Pole sana, mwanangu.

Nimepakia mizigo miaka kumi na tisa. Sisi kule chini, kabla hujasoma namba yoyote, unatazama mkia. "Peleka kwenye mkia wa kijani." Mkia ndio anwani.

Msimu mmoja shirika moja lilikodi ndege mbili za ziada, nyeupe pepepe, hazina hata nembo. Ziliegeshwa jirani. Usiku, taa hafifu, kijana wangu akapeleka kiti cha magurudumu cha abiria kwenye ndege siyo. Tuligundua milango inakaribia kufungwa. Nilikimbia nacho mwenyewe kuvuka maegesho. Yule mama alikuwa mlangoni, ameshikiliwa na mwanawe, anakitafuta kwa macho. Tangu hapo mtu akiniambia mkia ni urembo tu, simwelewi.

Kwa hiyo British Airways walipotoa ile mikia ya sanaa za dunia mwaka 1997, mikia ya kila namna kwa shirika moja, mimi nilikuwa upande wa waliopinga. Walipoteza anwani. Margaret Thatcher, waziri mkuu wa zamani wa Uingereza, alifunika mkia wa ndege ya mfano kwa leso yake mbele ya kamera mwaka uleule. Kwake yeye kilichomuuma ni bendera ya Uingereza kuondolewa. Mimi sina habari na bendera, nataka kujua mzigo unaenda wapi.

Nakshi

Mzee wangu, shikamoo. Hapa naomba tutofautiane kwa heshima.

Ile mikia ndiyo iliyonifanya niwe mchoraji. Nilikuwa na miaka tisa nilipouona ule wenye nakshi za Wandebele wa Afrika Kusini, pembe kali, rangi zimezungushiwa mistari myeusi. Hadi siku ile mkia wa ndege kwangu ulikuwa kitu cha serikali au cha kampuni. Kumbe mchoro ambao mama anauchora ukutani kwa mkono wake unaweza kuvuka bahari juu ya 747! Nilirudi nyumbani nikachora mikia kwenye kila karatasi niliyoipata.

Ninakubali kuwa hawakufika mbali. Mwaka 1999 walitangaza nusu ya ndege zitarudi kwenye bendera, na mwaka 2001 bosi wao Rod Eddington akasema zote. Bendera iliyochaguliwa ni ileile ambayo mwanzoni ilikuwa ya Concorde peke yake. Imetulia, inatambulika, sina ugomvi nayo. Ila kila nikiiona najua chini yake kulikuwa na nini. Fundi, ninyi mnaopiga msasa mnanielewa.

Mzee wa Mizigo

Marahaba. Kwa mtoto wa miaka tisa, nakubali. Hilo sikuwahi kulifikiria.

Gridi

Naongeza kutoka upande wa wabunifu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Watu wanalalamika kwamba miundo ya leo ni bapa mno. Sababu moja ni simu. Zamani nembo ilitakiwa isomeke uwanjani, sasa inatakiwa isomeke pia ndani ya kidude cha programu kisichozidi ukucha. Lufthansa walipoiondoa rangi ya njano mkiani mwaka 2018, korongo wa nembo yao, aliyechorwa na Otto Firle mwaka 1918, alibaki kwenye bluu nzito peke yake. Kwenye skrini amekaa vizuri sana. Kwenye mkia, siku ya mawingu, kwangu mimi amezimika. Ile njano ilikuwa kama taa. Nilikuwa na mfano wa ndege yao mezani wenye njano, na sikuwahi kununua ule mpya.

Kinyume chake ni Condor, shirika la Ujerumani la safari za likizo. Aprili 2022 wakaja na michirizi mipana ndege nzima, kama mwavuli wa ufukweni, na rangi tano tofauti. Picha ya kwanza nilipoiona nilisema hawa wameharibu. Kisha nikasubiri ndege yangu dirishani, mvua, kila kitu kijivu, nyeupe, kijivu, nyeupe, mara ikapita yenye michirizi ya njano. Watoto wote kwenye chumba cha kusubiri walisimama. Nilibadilisha mawazo palepale, na siku hizi nawatetea kokote wanapotajwa. Ile ni ndege ya likizo na inasema hivyo kabla hujasoma jina.

Halafu wapo wasioguswa na haya yote. Ndege wa dhahabu wa Singapore Airlines yupo tangu 1972, amerekebishwa kidogo tu. Kila miaka kumi fasheni inapita, yeye yupo.

Karatasi na Gundi

Wakuu, mimi natengeneza ndege za mfano, nimezigandisha zaidi ya mia mbili.

Mwaka 2019 British Airways walisherehekea miaka mia, wakavalisha ndege chache nguo za zamani: za BOAC na BEA, mashirika yaliyoungana kuwa British Airways, na ile ya mbunifu Negus ya miaka ya sabini. Ya Negus ilikuwa 747 yenye usajili G-CIVB. Niliianza mara moja. Stika ya ule mkia ni ngumu, nyekundu ikipinda nusu milimita jicho linakamata. Nilikuwa bado sijamaliza, dunia iliposimama kwa korona, na Julai 2020 wakatangaza kustaafisha 747 zote. Tarehe 8 Oktoba 2020 mbili za mwisho zikaondoka Heathrow, na mojawapo ilikuwa hiyohiyo. Niliitazama ikipaa kwenye skrini, mfano wangu uko mezani na mkia nusu. Niliumalizia usiku ule. Stika ya mwisho imekaa upande kidogo kwa sababu mkono ulikuwa hautulii, na sitairekebisha.

Nakshi

Fundi Msasa, swali kabla sijalala. Ule usukani wenye bluu, dhahabu na nyekundu, mlipaka nini juu yake?

Fundi Msasa

Nyeupe. Ilikuwa haijapata mpangaji, ikaondoka hivyo, mkia mtupu. Ila kile kipande cha msasa sikukitupa. Kipo kwenye droo yangu ya vifaa, nyuma nimeandika tarehe, mbele bado kina vumbi la rangi zote tatu.