Mjadala: Ng'ombe wa bucha ya wote achinjwe na nani?

Mwana wa Igoma (mtoa mada): Wakuu, uchaguzi ukikaribia maneno ya machinjioni hurudi vijiweni, kwa hiyo nayaleta kabla wagombea hawajayadaka. Huku Kanda ya Ziwa desturi ni kwamba nyama ya bucha ya watu wote huchinjwa na Muislamu. Februari 2013 kule Buseresere, mkoani Geita, ugomvi wa kuchinja uliondoka na uhai wa mchungaji. Je, desturi ibaki, au kila dini ichinje yake?

Ng'wana Magu: Desturi si sheria, ndugu yangu. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inalinda imani ya kila mtu, na ibara ya 13 inakataza ubaguzi wa dini. Kuchinja ni ajira. Kijana wa Kikristo anaambiwa abebe na achune tu, kisu asiguse. Tena wapo Wakristo ambao dhamiri inawasuta kula nyama iliyochinjwa kwa ibada wasiyoiamini.

Bint Kirumba: Kaka, ya ajira naipokea. Lakini uzito haulingani. Surat Al-An'am, aya ya 121, inamkataza Muislamu kula kisichotajiwa jina la Mwenyezi Mungu. Paulo, Wakorintho wa Kwanza 10:25, anawaambia waumini wale kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza.

Ng'wana Magu: Dada, soma mpaka 10:28: ukiambiwa nyama imetolewa sadaka, usile. Na Al-Maida aya ya 5 inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo.

Bint Kirumba: Aya hiyo wanazuoni wameiwekea masharti, na wengi huku hawaitumii kwa nyama ya buchani. Jirani yako hawezi kuamuliwa na wewe fatwa ya kufuata.

Mkaguzi Mstaafu: Wanangu, mnabishania kisu, wakati kazi kubwa iko mbele ya kisu. Ng'ombe hupumzishwa na kupewa maji, kisha mkaguzi humtazama akiwa hai. Hulazwa, akakatwa koo, umio na mishipa miwili mikubwa ya damu, akaachwa atulie kabisa ndipo achunwe. Yanayoharibu ni kisu butu na haraka ya kuchuna kabla hajakata roho. Damu ikibaki ndani, nyama haifiki jioni, awe amechinja shekhe au mchungaji.

Halafu mkaguzi hupasua tezi, hukata mashavu na moyo kutafuta malengelenge ya tegu, na hukata ini kutafuta minyoo. Akiridhika, anagonga muhuri. Muhuri ule unasema nyama ni salama. Hausemi nani kachinja, na tatizo lenu liko hapo hapo. Mapaja ya ng'ombe wawili yakitundikwa ndoano moja na kukatwa kwenye gogo moja kwa shoka moja, mnunuzi wa nusu kilo hana njia ya kujua.

Kwa hiyo anayesema "kila mtu achinje yake" ahesabu vizuri: zamu mbalimbali, visu, ndoano, gari la nyama, gogo, na kibao buchani. Machinjio ya jiji inaweza. Karo la kijijini, ile sakafu ya kuchinjia, linalochinja ng'ombe mmoja kwa siku haliwezi. Ukigawa wateja, nusu ya nyama inalala bila jokofu na mwenye bucha anafilisika. Kitimoto, yaani nguruwe, kina sehemu zake za kuchinjia na kuuzia na watu wamezoea, lakini kina wateja wake. Ng'ombe analiwa na wote.

Mkerewe wa Nansio: Mzee kasema. Niongeze la misibani na harusini: Mkristo mwenyewe humwita jirani Muislamu amchinjie, ili wageni wote wale sufuria moja. Hakuna aliyemlazimisha. Ni adabu ya mwenyeji, na ukiigeuza amri utaiua.

Ng'wana Magu: Adabu sawa, ila haimlipi kijana wangu. Kwenye machinjio kubwa zamu ziwepo.

Mwana wa Igoma: Basi njia ni sheria ndogo. Kijijini, halmashauri ya kijiji hupendekeza, mkutano mkuu wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi hujadili, halmashauri ya wilaya huidhinisha. Mtaa wa jijini hauna mamlaka hayo. Hoja hupitia kwa diwani mpaka baraza la madiwani, rasimu hutangazwa wananchi watoe maoni, kisha hupelekwa kwa waziri mwenye dhamana. Inapoharibika ni pale kwenye maoni. Watu hawaendi, halafu hasira inatolewa Ijumaa msikitini au Jumapili kanisani. Imamu na mchungaji watangaze tarehe ya mkutano, upande wasiutaje.

Na mgombea asikubaliwe kwa kauli tupu. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 hairuhusu chama cha kutetea dini moja, lakini kijiweni mtu hunong'ona "nipeni kura mchinje". Aulizwe hadharani: kifungu utakiandikaje, na gogo la pili atanunua nani?

Bint Kirumba: Zamu za jijini naweza kuzikubali kwa sharti moja. Kibao kiandikwe nani kachinja, kwa herufi zilezile kwa pande zote. Kisiandikwe "bucha ya Kiislamu" wala "bucha ya Kikristo", maana hapo tutaanza kumchagua muuzaji kwa dini yake.

Ng'wana Magu: Hilo la kibao sina neno nalo. La karo la kijijini bado sijaridhika. Mzee, ng'ombe wakiwa wawili kwa wiki, zamu inashindikana nini?

Mkaguzi Mstaafu: Wakichinjwa siku mbili tofauti, na gogo likaoshwa kwa maji ya moto mbele ya watu, haishindikani. Lakini wateja wa kila siku kati ya hizo mbili wahesabiwe kwanza.