Ushauri: Mpima ardhi kukaimu ujaji Sydney, 1808. Nishike hoja ipi?

Habari wakuu. Niko mwaka wa tatu wa sheria, naandika kuhusu waliokaimu nafasi za sheria kwenye makoloni ya Waingereza. Nimechagua New South Wales, huko Australia. Tarehe 25 Januari 1808 John Macarthur, tajiri na ofisa wa jeshi wa zamani, alipandishwa kizimbani, akamkataa hakimu Richard Atkins: huyu namdai, hawezi kunihukumu. Maofisa sita wa jeshi waliokaa na Atkins kusikiliza kesi wakawa upande wa Macarthur. Kesho yake Meja George Johnston, mkuu wa kikosi cha jeshi pale, akampindua Gavana William Bligh. Atkins akatimuliwa, na haikupita muda kiti kikakaimiwa na Charles Grimes, mpima ardhi! Februari Macarthur akaachiwa huru.

Msimamizi wangu anataka hoja moja. Uteuzi ulikuwa batili kwa sababu Grimes hakusomea sheria, au kwa sababu aliyemteua hakuwa na mamlaka?

Mzee wa Kona: Kumbe Macarthur alipimiwa vizuri 😂

Binti Sheria: Kisomo kiache, mdogo wangu. Atkins naye hakuwa mwanasheria, na kiti hicho alianza kukikaimu baada ya David Collins, hakimu aliyemtangulia, kuondoka 1796. Mambo ya kitaalamu aliyapata kwa George Crossley, wakili aliyefika huko akiwa mfungwa kwa kosa la kiapo cha uongo. Ukianza kukagua vyeti habaki mtu.

Kalamu Nyeusi: Nakubali, ila hujataja jambo zito zaidi. Maofisa walipomwomba Bligh abadilishe hakimu, alikataa akisema hana uwezo huo, uteuzi ni wa Mfalme. Na Bligh huyohuyo alikuwa keshailalamikia London kuhusu ulevi wa Atkins! Kama gavana halali hakuweza kumgusa, Johnston alimteua Grimes kwa lipi? Anzia hapo.

Mleta uzi: Nimewaelewa. Sasa kama vyote ni batili, waliofungwa na makaimu hao je?

Binti Sheria: Hapo ndipo penye utamu. Januari 1810 gavana mpya, Lachlan Macquarie, alitangaza kuwa uteuzi, kesi na ugawaji wa ardhi tangu mapinduzi ni batili. Lakini siku chache baadaye akawakinga mahakimu na askari magereza wasishtakiwe kwa waliyotenda, na mashamba mengi akayagawa upya kwa walewale. Batili kwenye karatasi, mashamba yakabaki kwa wenyewe. Mimi ningeipa sehemu hiyo nusu ya kurasa.

Mzee wa Kona: Na safari hii alikuja na mwanasheria wa kweli, Ellis Bent. Mpima ardhi akapumzika.