Kikundi cha Majirani, Free Area, Nakuru: Maji ya Saa Tisa Usiku

Mama Njeri: Habari za asubuhi majirani. Maji yalikuja saa tisa usiku, yakaenda kabla ya adhana. Nimeambulia mitungi michache tu. Nani mwingine alipata?

Mama Chebet: Sisi huku juu hata tone. Mfereji ulikohoa hewa tu, basi.

Baba Kevin: Na hewa hiyo hiyo tunailipia. Bili yangu ya mwezi uliopita imepanda na maji hayakuwepo.

Mama Njeri: Baba Kevin, hujaota. Usiku nilisimama kwenye mita na tochi. Kale kagurudumu kekundu kalikuwa kanazunguka mbio, na kwenye ndoo hakuna kitu, upepo tu unatoka. Tazameni.

Mama Njeri: [video]

Sista Akinyi: Mungu wangu.

Fundi Otieno: Mama Njeri umefanya vizuri sana kurekodi. Hizi mita zetu zina kigurudumu ndani, na kikisukumwa kinazunguka, kiwe kimesukumwa na maji au na hewa. Bomba likikaa siku kadhaa bila maji linajaa hewa. Maji yakirudi yanaisukuma hewa mbele, nayo inatafuta pa kutokea, yaani mifereji yetu. Kwa hivyo tafadhali, mkilala na hakuna maji msiache mfereji wazi mkitegemea kuamka mkute ndoo imejaa. Fungeni. Mkisikia yanakuja, fungua kidogo kidogo. Hewa itapita tu, lakini mita haitakimbia namna hiyo. Ila dawa yenyewe ni vali za kutoa hewa kwenye bomba kubwa, hasa kule juu kwa kina Mama Chebet ambako hewa inakimbilia. Hiyo si kazi yako wala yangu, ni ya kampuni ya maji.

Baba Kevin: Basi nitasema tena. Kampuni hii iuzwe kwa watu binafsi. Simu tulikuwa tunangojea laini miaka na miaka, biashara ikaingia, leo hata nyanya yangu kule Molo ana simu. Mtu aliyeweka pesa yake hawezi kuacha bomba likimwaga maji barabarani wiki nzima na watu wanapita.

Mama Chebet: Naunga mkono. Kila uchaguzi tunaahidiwa maji, na baada ya uchaguzi tunarudi kwa mkokoteni.

Mwalimu Wafula: Baba Kevin, laini ya simu ikikusumbua unaitoa unaweka nyingine. Bomba linaloingia kwako ni moja. Hakuna atakayekuja kuchimba barabara upya akuletee la pili ili washindane. Anayenunua bomba hilo amekununua na wewe.

Mwalimu Wafula: Halafu hii yetu tayari ni kampuni. Sheria ya Maji ya 2002 ndiyo iliyoitoa kazi ya kusambaza maji kutoka idara ya serikali ikaipa makampuni, yenye wakurugenzi, bili na kila kitu. Katiba ya 2010 ikaja ikapeleka huduma hiyo kwa kaunti. Ndiyo maana inaendeshwa kama biashara na mwenyewe ni kaunti, yaani sisi.

Baba Kevin: Kwa hivyo tukae tu, Mwalimu?

Mwalimu Wafula: Sijasema tukae.

Njeri (Reading): Hamjambo majirani, na shikamooni wazee. Ni Njeri, bado niko humu kwa sababu bili ya mama nalipa mimi. Baba Kevin, huku Uingereza niliko waliuza. Serikali ya waziri mkuu Thatcher iliuza mashirika kumi ya maji ya England na Wales mwaka 1989, na kabla ya kuuza ikayafutia madeni ili wanunuzi waanze na daftari safi. Leo makampuni hayo yana madeni ya zaidi ya pauni bilioni 60 kwa jumla. Wenye hisa walikuwa wanalipwa gawio, yaani sehemu yao ya faida, kila mwaka na mabomba ya zamani yakibaki chini ya ardhi. Thames Water, ambayo ndiyo inahudumia London na upande huu wetu, peke yake ina deni la zaidi ya bilioni 15. Mei 2025 mdhibiti wao aliitoza faini ya pauni milioni 122.7, sehemu kubwa kwa sababu ya maji taka, na nyingine kwa sababu ya gawio hilo. Na Scotland hapo jirani hawakuuza, mpaka leo maji ni ya umma.

Njeri (Reading): Ukame wa 2022 tulipigwa marufuku kutumia mpira wa maji. Huruhusiwi kumwagilia bustani wala kuosha gari kwa mpira, faini inafika pauni elfu moja. Watu walikubali kwa sababu mvua haikunyesha. Kilichowauma ni kwamba wakati huo huo karibu lita bilioni tatu zinavuja kwenye mabomba kila siku, England na Wales. Unaambiwa wewe na ndoo yako ubane matumizi, na aliyekuambia anamwaga.

Baba Kevin: Asante Njeri. Lakini niulize na usikasirike. Huko ukifungua mfereji saa hii, maji yanatoka?

Njeri (Reading): Yanatoka, mchana na usiku. Na nakunywa hapo hapo bila kuchemsha. Siwezi kudanganya.

Baba Kevin: Basi wameshinda.

Njeri (Reading): Yalikuwa yanatoka kabla ya kuuzwa pia. Na jambo lingine: tangu 1999 sheria inakataza kampuni kukatia nyumba ya mtu maji kwa sababu ya deni. Watakudai, watakushtaki, lakini mfereji hauguswi. Hilo halikutoka kwa wenye hisa, lilitoka bungeni.

Sista Akinyi: Hilo la mwisho ndilo ningetaka hapa. Mwaka jana ploti ya jirani ilikatiwa maji kwa deni la mwenye ploti, wapangaji walikuwa wamelipa kodi yao yote. Mama aliyejifungua juzi alikuwa mle ndani.

Mzee Salim: Niruhusuni na mimi. Nilikuwa Dar es Salaam miaka ile, nafanya biashara ya mitumba Kariakoo. Mwaka 2003 kazi ya maji ya jiji ilipewa kampuni ya City Water, ndani yake Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na kampuni ya pale pale Tanzania. Mkataba wa miaka kumi. Haukumaliza hata miwili, Mei 2005 serikali ikauvunja. Waziri wa maji alikuwa Lowassa. Kesi ikaenda ng'ambo, na 2008 wale wawekezaji hawakupewa fidia. Lakini sikilizeni: walipoondoka ikaingia kampuni ya umma, na sisi watu wa kawaida tukaendelea kununua dumu mtaani. Kwa hivyo wanaosema kuuza ni dawa nawakatalia, na wanaosema kurudisha serikalini ni dawa nawakatalia vile vile.

Mama Chebet: Sasa Mzee umetuacha hewani.

Mzee Salim: Semeni maji yanapotelea wapi. Hapo ndipo pa kuanzia.

Fundi Otieno: Mzee umenena. Ripoti za WASREB, wale wadhibiti wa huduma za maji, kila mwaka zinaonyesha kitu kile kile. Nchi nzima, katika kila lita mia zinazosafishwa na kuingizwa kwenye bomba, zaidi ya arobaini hazilipiwi. Nyingine zinavuja, nyingine zinaibwa kwa viungo vya usiku, nyingine mita mbovu hazizisomi. Kiwango wanachosema kinavumilika ni kama robo. Dawa ya kusafisha imeshatiwa, umeme wa pampu umeshalipwa, halafu maji yanaishia mtaroni. Hasara hiyo inatafutwa kwa nani? Kwa wewe unayelipa. Mimi nimefanya kazi ya bomba muda mrefu, na ninawaambia, kiungo kinachovuja hakijali mwenye kampuni ni nani. Kinajali kama kuna fundi aliyetumwa, ana gari, ana kipande cha kubadilisha, na kuna mtu atakayemuuliza jioni umefika?

Mama Njeri: Na hesabu nyingine. Uniti moja ni lita elfu moja, yaani mitungi hamsini ya lita ishirini. Mwenye mkokoteni akiniuzia mtungi shilingi ishirini, uniti moja nimelipa elfu moja. Kila mtu aangalie bili yake uniti inahesabiwa kwa ngapi. Tusio na maji ndio tunaolipa ghali zaidi mjini hapa.

Dan Nambari 7: Kwa nini tusichange tuchimbe kisima chetu tuachane na hawa watu?

Sista Akinyi: Dan, kisima kinahitaji kibali cha mamlaka ya rasilimali za maji, na kabla ya yote maji yapimwe floridi. Mawe ya hili Bonde la Ufa ni ya volkano, yanatoa floridi nyingi. Kipimo kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nakuru vinapita hapo. Mmeona meno ya kahawia ya watoto wetu? Yanaharibika wakati yanajiunda ndani ya ufizi, mtoto akiwa mdogo, na hayarudi kuwa meupe. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua na floridi inabaki. Kuna chujio la mkaa wa mifupa, linafanya kazi, lakini lazima libadilishwe kwa wakati. Usichimbe kwanza ukapima baadaye.

Mama Chebet: Na bwawa la Itare si ndilo lingetuokoa? Kwetu Kuresoi watu walijua maji yanakuja mpaka mjini.

Mwalimu Wafula: Bwawa la Itare lilikwama 2018, mkandarasi wa Italia, CMC di Ravenna, alipozama kwenye madeni. Kampuni binafsi, Baba Kevin. Na waliompa kazi walikuwa serikali, Mama Chebet. Wote wawili wamo.

Mama Njeri: Tukiwa hapo hapo kwa matumizi. Jana jioni kuna mtu alikuwa anaosha Probox kwa mpira kutoka kwenye tenki la pamoja. Sitaji jina. Tenki lile ndilo tunapikia.

Dan Nambari 7: Ni mimi, Mama, kwa nini unazunguka. Gari ni kazi yangu, abiria hapandi gari la matope.

Mama Njeri: Na mimi mjukuu wangu haogi.

Mwenyekiti Langat: Majirani, polepole. Kuanzia leo hakuna mpira kwenye tenki la pamoja mpaka mvua ianze. Gari linaoshwa kwa ndoo moja na kitambaa, na maji ya kufulia ndiyo yanayopeleka choo. Dan?

Dan Nambari 7: Ndoo sawa. Lakini na yule wa ghorofa la pembeni anayemwagilia nyasi aambiwe, isiwe mimi tu.

Mwenyekiti Langat: Nitaenda mwenyewe jioni. Sasa Mwalimu, barua.

Mwalimu Wafula: Nimeanza kuiandika. Sitasema uzeni wala msiuze. Naomba mambo haya: ratiba ya mgao ya mtaa huu iandikwe na ifuatwe, ili mama asikeshe akilinda mfereji. Vali za hewa ziwekwe kule juu. Bili za wiki zile maji hayakuwepo zisomwe upya, mbele yetu. Na la mwisho nalitilia mkazo: watuambie kila mwezi maji mangapi yameingia mtaa huu na mangapi yamelipiwa. Hiyo tofauti ndiyo upotevu wetu, nataka kuiona kwa namba. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, nimekiweka mwanzo kabisa. Wasipojibu, tunapeleka WASREB.

Baba Kevin: Weka na hili: wakitaka kupandisha bei, waje kwanza hapa wananchi waulizwe. Sheria inawataka. Mimi bado naamini biashara ingefanya vizuri, lakini namba hizo hata mwekezaji angeziomba kabla ya kununua.

Mwalimu Wafula: Nimeongeza.

Fundi Otieno: Mimi nitapita kesho na kalamu, niandike kila mahali panapovuja kuanzia kona ya kioski mpaka kwa Mama Chebet. Picha moja moja, na jina la nyumba iliyo karibu.

Mama Chebet: Nitachapisha barua saibani. Kila nyumba inipe picha ya mita na ya bili ya mwisho kabla ya Ijumaa, na tarehe zionekane.

Njeri (Reading): Ya mama natuma sasa hivi, nina bili za tangu mwaka jana zote kwenye simu.

Mwenyekiti Langat: Sahihi zitawekwa kwangu Jumamosi baada ya saa nane. Asiyeweza kufika anipigie, nitampelekea nyumbani.