Viza ya mwenza Uingereza: mshahara wa mume haufiki pauni 29,000, tujazie na nini?

Mke_wa_Mwanga (Kigoma mjini)
Wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi. Mume ni raia wa Uingereza, yuko Leicester, anafanya kazi ghalani na analipwa kwa saa. Kwa mwaka inafika kama pauni 26,400. Kwa mwajiri huyu ana miezi minne, na kabla ya hapo alikuwa kwingine kwa malipo hayo hayo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma, nina digrii. Benki tuna shilingi zinazolingana na pauni 15,000, mwaka umepita hatujazigusa. Nina kiwanja Ujiji, hisa za kikoba, na fremu mbili Mwanga zimepangishwa. Je, mshahara wangu unajumlishwa na wake? Tukikopa kidogo kujazia je? Tunataka kutuma maombi mwezi huu.

Mgebuka_Mkavu
Dada, msitume mwezi huu. Kwa miezi minne, mumeo anaangukia Kundi B, la wasiotimiza miezi sita kwa mwajiri wa sasa, na Kundi B lina mitihani miwili: malipo ya sasa yafike kiwango, halafu jumla aliyopokea miezi 12 iliyopita nayo ifike pauni 29,000. Huo mtihani wa pili haujaziwi na akiba hata mngekuwa na milioni. Akitimiza miezi sita kwa mwajiri huyo huyo anaingia Kundi A, na huko akiba inaruhusiwa kuziba pengo. Kwa hiyo ni miezi miwili tu ya kusubiri.

Hesabu ya akiba: chukua pengo la mwaka, zidisha kwa 2.5, ongeza 16,000. Pengo lenu ni 29,000 kutoa 26,400, yaani 2,600. Mara 2.5 ni 6,500, jumlisha 16,000 mnapata 22,500. Nyie mna 15,000, bado 7,500. Asiye na mshahara kabisa anatakiwa 88,500, kwa hesabu hiyo hiyo.

Ila hiyo 26,400 msiiamini kwa kuisikia. Anayelipwa kwa saa huhesabiwa kwa wastani: jumlisha slipu za mshahara za miezi sita kabla ya makato, zidisha kwa mbili. Zikitoa 13,200, sawa. Saa zikipungua jumla ikawa 12,700, mwaka unakuwa 25,400 na akiba inayotakiwa inapanda hadi 25,000. Kila pauni 1,000 ya kipato ikipungua, mnadaiwa 2,500 zaidi ya akiba. Asikatae ovataimu kipindi hiki.

Mshahara wako wa ualimu hauhesabiwi, kwa sababu unaomba ukiwa nje. Hapo hakuna mjadala.

Lumumba_Street
Kwani hana ndugu huko London wa kumdhamini? Kuna watu wanafanya hivyo, mtu wa tatu anasaini fomu tu.

Mgebuka_Mkavu
Mkuu, hiyo ni Marekani. Kule mdhamini wa pili anaruhusiwa kwa fomu ya I-864, akiwa raia au mkazi wa kudumu na kipato chake kinafika asilimia 125 ya kiwango chao cha umaskini. Uingereza ahadi ya ndugu haihesabiwi, labda kesi iwe na mazingira ya kipekee kweli. Msimchanganye dada.

Reli_ya_Kati (Tabora)
Naongezea upande wa akiba, maana ndiko wengi wanakokwama.

Pesa lazima iwe kwenye akaunti ya benki kwa jina lako, la mumeo, au yenu wote, na iwe imekaa miezi sita. Kinachoangaliwa ni salio la chini kabisa ndani ya miezi hiyo. Likishuka chini ya kiwango siku moja tu, mnaanza upya. Akaunti ya muda maalum inafaa ilimradi mnaweza kutoa pesa papo hapo, hata kwa kukatwa faida. Shilingi zinabadilishwa kwa kiwango cha OANDA (tovuti ya viwango vya kubadilisha fedha) cha siku ya kutuma maombi, kwa hiyo wekeni ziada, shilingi isije ikawaangusha kwa pauni hamsini.

Mkopo hapana. Zawadi inakubalika, ila iwe imeshakaa miezi sita mikononi mwenu na hairudishwi. Kikoba, hata kama kina leja safi kuliko benki, si akaunti yako. Ukivunja hisa ukaweka benki, miezi sita inaanza siku hiyo.

Kiwanja ndicho kinachoweza kuwaokoa. Kikiuzwa, muda mliokimiliki unaunganishwa na muda pesa iliyokaa benki. Maana yake kama kilikuwa chako tangu mwanzo wa miezi sita, hamsubiri upya. Onyesha hati, mkataba wa mauzo, na pesa ikiingia benki moja kwa moja kutoka kwa mnunuzi. Pesa ikipitia mfukoni kwanza, uzi umekatika.

Mke_wa_Mwanga
Nashukuru sana kaka zangu. Kiwanja kina karatasi ya serikali ya mtaa tu, hati bado. Na wapangaji wa fremu wananilipa kwa simu.

Reli_ya_Kati (Tabora)
Karatasi ya mtaa siishauri, afisa aliyeko mbali hana pa kuihakikishia. Ama ufuatilie hati kabla ya kuuza, ama uuze na kuiacha pesa miezi sita kamili.

Kodi ya fremu ni habari njema. Mshahara wako hauhesabiwi, lakini kodi ya jengo lako inahesabiwa, hata likiwa Kigoma. Inatakiwa uthibitisho wa umiliki, mkataba wa upangaji, na taarifa za benki za miezi 12 zikionyesha kodi ikiingia. Iliyoishia kwenye simu haisaidii. Waambie kuanzia mwezi huu walipe benki.

Kibirizi_Bandarini
Mambo ya mwisho. Ada ya viza ilipangwa kuwa pauni 1,938 Aprili 2025, na ada ya huduma za afya ilikuwa 3,105 kwa viza ya miezi 33. Jumla ilikuwa 5,043. Isitoke kwenye ile akiba, itashusha salio siku mbaya kabisa.

Barua ya mwajiri itaje cheo, malipo, aina ya mkataba, na tangu lini analipwa kiwango hicho. Kila slipu ilingane na pesa iliyoingia benki, na slipu ya mwisho isizidi siku 28 kabla ya kutuma. Cheti cha ndoa kikiwa cha Kiswahili, kitafsiriwe. Mtafsiri aweke jina, saini, tarehe na mawasiliano.

Kwa kuwa digrii yako ilifundishwa kwa Kiingereza, omba uthibitisho wa Ecctis, shirika la Uingereza linalohakiki vyeti vya nje, ukwepe mtihani wa lugha wa A1, yaani ngazi ya chini. Kipimo cha kifua kikuu ni Dar, kliniki ya IOM (shirika la kimataifa la uhamiaji), na cheti kinadumu miezi sita. Usikimbilie kupima kabla slipu ya sita haijatoka, la sivyo nauli ya Kigoma hadi Dar utailipa mara mbili.