Kiongozi akijiuzulu kabla ya muda wake, tuna haki ya kukisia sababu?

Wakuu, kila kiongozi anapoachia ngazi katikati ya muhula tunarudia ugomvi uleule, na kila mara tunauacha bila kuumaliza. Kuna wanaosema barua imeshataja sababu binafsi, mwacheni mtu apumzike, kukisia ni umbea. Na kuna wanaosema hakuna anayejiuzulu, wote wanajiuzulishwa, hizo barua wanaandikiwa. Leo nataka tubishane vizuri, kwa sababu naona pande zote mbili zinatuumiza, na huu wa pili unatuumiza zaidi.

Nianze na msimamo wangu. Aliyechaguliwa anadaiwa sababu. Watu walipanga foleni wakampa muda maalumu. Akiurudisha haujaisha, waliompa wana haki ya kuuliza kumetokea nini. Mtu wa ofisini akiacha kazi humalizana na bosi wake, wakaagana, basi. Huyu bosi wake ni umma mzima, na umma hauagwi kwa maneno mawili, "sababu binafsi", halafu simu ikazimwa.

Shida ni kwamba sheria hazimlazimishi kusema. Katiba ya Tanzania, ibara ya 149, inataka taarifa iliyoandikwa na kutiwa sahihi na mwenyewe, ifike panapohusika. Kuhusu sababu, kimya. Uingereza ni ajabu zaidi: tangu mwaka 1624 mbunge hana ruhusa ya kujiuzulu, hivyo anayetaka kutoka huomba cheo cha kizamani cha usimamizi wa Chiltern Hundreds, cheo kisicho na kazi yoyote ila mwenye nacho haruhusiwi kukaa bungeni. Akipewa, ametoka. Hana wa kumuuliza kwa nini. Na ile barua ya Richard Nixon ya tarehe 9 Agosti 1974, iliyokwenda kwa waziri wake wa mambo ya nje Henry Kissinger, ina sentensi moja tu ya kusema anajiuzulu urais wa Marekani. Itazameni mkipata nafasi. Karibu karatasi nzima ni nyeupe: tarehe, "Mheshimiwa Waziri", mstari mmoja, sahihi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo Nixon alihutubia taifa akasema hana tena uungwaji mkono wa kutosha bungeni. Hakudanganya, kweli hakuwa nao. Asichokieleza ni jinsi alivyoupoteza: siku tatu kabla ya hotuba, tarehe 5 Agosti, ilikuwa imetolewa kanda iliyomnasa akipanga namna ya kuzuia uchunguzi wa Watergate, yaani ule uvamizi wa ofisi za chama pinzani. Ndiyo maana siamini kwamba kazi ya anayekisia ni kutafuta uongo ndani ya barua. Mara nyingi barua inasema kweli, ila ni ule ukweli wa mwisho kabisa, wa siku ya kuondoka. Ule wa mwanzo ndio unaofichwa.

Lakini tusianze kujisifu. Tarehe 16 Machi 1976 Harold Wilson, Waziri Mkuu wa Uingereza, alitangaza kuondoka, na nchi ikapigwa na butwaa. Hakukuwa na kashfa mezani wala kura ya kutokuwa na imani. Basi uvumi ukachukua nafasi: mara ni jasusi wa Urusi, mara idara za usalama zimemng'oa. Miaka na miaka watu wameendelea kuchimba. Kumbe alikuwa ametimiza miaka 60 siku tano kabla, na watu wake wa karibu alishawaambia mapema kwamba hatakaa sana. Baadaye ikajulikana pia ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Pengine alishaanza kuhisi kitu. Pengine alichoka tu.

Mwingine ni Shinzo Abe wa Japani, na huyu ndiye anayenifanya niwe mwangalifu kuliko wote. Tarehe 12 Septemba 2007, mwaka mmoja tu tangu ashike uwaziri mkuu, na chama chake kikiwa kimeangushwa Julai katika uchaguzi wa baraza la juu, alisema anajiuzulu, akataja ugumu wa mambo ya kisiasa. Wengi wakamwita mwoga aliyekimbia vita. Kesho yake akalazwa hospitali. Baadaye akaeleza kwamba ni maradhi ya utumbo mpana aliyokuwa nayo tangu ujanani, na mwaka 2020 maradhi hayohayo yakamtoa tena, safari hii akiyataja mwenyewe mapema. Sisi tumezoea kudhani kwamba afya ndiyo pazia na siasa iko nyuma yake. Kwa Abe wa 2007 siasa ndiyo iliyokuwa pazia. Wangapi kati yetu tungeliwaza hilo?

Kwa hiyo mimi nakisia kwa kuangalia vitu vichache tu, na nawaomba mnikosoe.

Cha kwanza ni kalenda. Ni nini kilikuwa kinakuja wiki ile? Ripoti gani ilisomwa, kikao gani kilikuwa kimeitishwa? Hayati Edward Lowassa alisimama bungeni Dodoma tarehe 7 Februari 2008 kujiuzulu uwaziri mkuu wakati ripoti ya kamati teule kuhusu mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond imeshawekwa mezani. Hapo hapakuhitaji mpiga ramli. Hayati Job Ndugai aliachia uspika tarehe 6 Januari 2022, siku mbili baada ya Rais kumkemea hadharani kwa kauli zake kuhusu mikopo na deni la taifa. Taarifa yake ilisema uamuzi ni wake na ni wa hiari. Inawezekana. Lakini kalenda nayo ilikuwa inasema.

Cha pili, na hapa nitakaa kidogo, ni kile anachobaki nacho. Watu hukodolea macho kiti kilichoachwa. Mimi naangalia kile asichokiachia. Lowassa aliacha uwaziri mkuu akabaki mbunge wa Monduli, na miaka saba baadaye alikuwa kwenye karatasi ya kura ya urais kupitia upinzani. Yule hakuwa amechoka na siasa. Alikuwa ameondoka mahali pamoja akiwa amekusudia kurudi kwa mlango mwingine. Ndugai naye alibaki mbunge wa Kongwa. Linganisheni na Rostam Aziz aliyejivua ubunge wa Igunga na nafasi zake za chama Julai 2011, akisema amechoshwa na "siasa uchwara", hadi Oktoba ikabidi watu wa Igunga wapige kura upya. Huyo alifungasha vyote. Mnaweza kubishana kuhusu shinikizo la kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi waliotuhumiwa kwa ufisadi, lililokuwa ndani ya chama chake, na mimi nadhani lilikuwa na uzito mkubwa, ila mtu anayeacha vyote na mtu anayeacha kimoja hawawezi kuwa na sababu ya aina moja. Najua Abe ananiharibia kanuni, kwa sababu mara zote mbili alibaki mbunge. Nakubali.

Cha tatu ni nani aliyepokea barua. Ndugai alisema barua yake ameipeleka kwa Katibu Mkuu wa chama. Spika ni mkuu wa Bunge, mmoja wa mihimili ya dola, na barua ya kuuacha mhimili inatangulia chamani. Hata kama humjui mtu yeyote ndani, anuani ya bahasha inakuonyesha nguvu ilikuwa imekaa wapi.

Kuna wakati hata hivyo vyote havitoshi. Januari 1984 Aboud Jumbe aliingia kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM Dodoma akiwa Rais wa Zanzibar, Makamu wa Rais wa Muungano na Makamu Mwenyekiti wa chama, akatoka hana hata kimoja. Wananchi waliambiwa kwamba hali ya hewa ya kisiasa Zanzibar imechafuka. Maneno hayo hayakumwambia mtu kitu, ndiyo maana yanakumbukwa hadi leo. Chini yake kulikuwa na hoja nzito ya kikatiba: Jumbe alikuwa akiandaa kulipeleka suala la muundo wa Muungano mahakamani, akitaka serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), na maandishi yale yakafika kwa wakubwa wa chama kabla ya kufika yalikokusudiwa. Hili lilikuwa jambo la kila raia. Fikirieni kama lingejadiliwa mchana kweupe mwaka ule badala ya kunong'onwa kwa miaka. Anayeniambia kukisia ni umbea, aniambie watu wa 1984 walipaswa kufanya nini kingine.

Sasa nigeukie upande wa "wote wanajiuzulishwa". Nafasi aliyoiacha Jumbe ilichukuliwa na Mzee Ali Hassan Mwinyi. Na Mwinyi mwenyewe miaka saba nyuma, mwaka 1977, alikuwa amejiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya watu waliofia mikononi mwa vyombo vya dola kule Shinyanga na Mwanza. Hakumpiga mtu. Lakini ilikuwa wizara yake, akaona mzigo ni wake. Huko ndiko tunakokuita kuwajibika, na Kiswahili chetu hakikulitofautisha neno hilo bure. Tunalo kujiuzulu, tunalo kuachia ngazi, kubwaga manyanga, tunalo kung'atuka ambalo Mwalimu Nyerere alilitoa kwenye Kizanaki. Lugha inajua kwamba milango ya kutokea ni mingi. Sisi tukizichanganya zote tukaziita kujiuzulishwa, waziri wa kesho ambaye watu wamekufa chini ya wizara yake atajiuliza: nikiondoka wataniita mwizi, nikikaa wataniita mwizi, niondoke kwa nini? Atakaa. Na mimi nitamwelewa, jambo linalonisikitisha sana.

Lakini lazima mpaka uwepo. Mwili wa mtu na ndoa yake si mali yetu, hata akiwa rais. Jacinda Ardern alipotangaza Januari 2023 kwamba anaacha uwaziri mkuu wa New Zealand, alisema nguvu zimemwishia, na akasema wazi kuwa watu watatafuta sababu nyingine ya siri ila hawataikuta. Walitafuta hata hivyo. Mwezi uliofuata Nicola Sturgeon, kiongozi wa serikali ya Scotland, naye akatangaza kuondoka, akasema ni muda sahihi. Kisha polisi wakamkamata mumewe, halafu Juni yeye mwenyewe, kuhusu fedha za chama, na wakisiaji wakasema si tuliwaambia. Machi 2025 polisi wakamfuta Sturgeon kwenye uchunguzi. Wangapi waliomhukumu walirudi kusema tulikosea? Kukisia bila kurudi kusahihisha, huo ndio umbea wenyewe.

Pendekezo langu ni hili. Anayejiuzulu nafasi ya kuchaguliwa asimame mbele ya chombo alichokitumikia, asome barua yake mwenyewe, aulizwe maswali saa moja, ndipo aende. Kama ni afya aseme ni afya na asidaiwe jina la ugonjwa. Najua kuna atakayesema huko ni kumdhalilisha mtu aliyeshaanguka; naomba aje atetee. Na ninyi wa "wote wanajiuzulishwa", nina swali moja kwenu: mwaka 1977, yule waziri wa mambo ya ndani mngemwandika nini?