Naswaga ng'ombe kwa helikopta Australia, nimeanza kuogopa. Nimalize msimu au nirudi?

Kijana wa Meatu: Wakuu, habari za jukwaa. Mimi ni rubani, niko Northern Territory, ranchi moja mbali kidogo na Katherine. Kazi yangu ni kuswaga ng'ombe porini mpaka zizini kwa helikopta aina ya R22. Kwetu tuliswaga kwa fimbo na mluzi, huku ni kwa mapanga ya helikopta yanayozunguka juu. Tunaruka usawa wa miti tangu jua linachomoza. Juzi dume moja la Brahman liligoma kutoka kichakani. Bosi akashusha mpaka matawi yakalala, upepo unatupiga kwa nyuma, mara mkia ukaanza kuzunguka wenyewe. Mimi, bosi na dogo mmoja wa kazi, wote kimya. Tangu siku hiyo nikishika stiki mkono unatetemeka. Imebaki miezi miwili. Nimalize au nirudi? Mama hajui kama nafanya kazi hii.

Dada Pwani: Mwambie mama kwanza. Ushauri mwingine baadaye.

Mtemi Mstaafu: Msukuma kapanda helikopta kumfuata ng'ombe 😂😂 Babu zetu wangeona hii wangehama mbuga.

Fundi Spana: Kijana, nimetengeneza ndege miaka mingi. Hiyo R22 ina saa ngapi tangu ifanyiwe ukarabati mkubwa?

Kijana wa Meatu: Ni nzima tu mkuu. Bosi anaruka huku tangu mimi sijazaliwa na hajawahi kuanguka.

Mlokole wa Mbezi: Vijana wa siku hizi tamaa. Kuku wa kienyeji 200 hapa Bongo wangekutosha, na hakuna kuku anayekupeleka angani.

Fundi Spana: Sikuuliza bosi, nimeuliza saa. R22 ikifika saa 2,200 au miaka 12 inafumuliwa yote. Mita inasoma ngapi?

Kijana wa Meatu: Inasoma 1,900 na kitu. Ila...

Dada Pwani: Ila nini?

Kijana wa Meatu: Haya. Asubuhi kabla ya kuwasha, bosi anapitisha mkono nyuma ya dashibodi anachomoa waya wa mita. Jioni tukikaribia kutua anaurudisha. Siku nzima imeandikwa nusu saa. Na kuna harufu ya mpira unaoungua tukigeuka kwa nguvu, halafu inapotea. Sikuandika mwanzo maana najua mtakavyonirukia. Naambiwa wengi huku wanafanya hivyo, saa zikiisha ukarabati ni hela ndefu. Na mimi kanilipa nusu ya msimu mbele, nimeshatuma nyumbani. Mzee aliuza ng'ombe 24 nikasome urubani, nimeanza kuwarudisha, wamefika 9. Nikiondoka leo nadaiwa.

Suka wa Tunduma: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa naendesha basi, tajiri akachomoa king'amuzi cha mwendo ili tuwahi. Tukafika Kitonga, tunashuka, nakanyaga breki naona mguu unazama kama nimekanyaga uji. Abiria walisali dini zote, hadi yule konda mpagani. Nililichanganya na ukuta wa mlima likasimama. Tajiri alikuja kuangalia basi, mimi hakuniuliza hata kama nimekula.

Mlokole wa Mbezi: Ushuhuda mzuri. Ulishaokoka?

Suka wa Tunduma: Nilihamia kwenye malori.

Kisiki: Wakuu mnapoteza bando. Hii ni CHAI. R22 ina viti viwili, nendeni mkaangalie. Huyu kasema walikuwa watatu. Dogo wa kazi alikaa kwenye mkia?

Mtemi Mstaafu: Ndiyo maana mkia ulizunguka 😂

Kijana wa Meatu: Siku ile tulitumia R44 ya jirani, ina viti vinne. Niliandika haraka.

Kisiki: Chai ya tangawizi sasa. Na viza? Mwanafunzi huko anaruhusiwa saa 48 kwa wiki mbili. Wewe unaruka kutwa.

Kijana wa Meatu: Nilishahitimu, viza nilibadilisha.

Kisiki: Weka picha.

Kijana wa Meatu: Nikiweka picha namuanika bosi.

Kisiki: Nilijua.

Fundi Spana: Kisiki, iwe chai iwe maziwa, mtunzi angeandika moshi, asingeandika harufu ya mpira. Kijana, hiyo ni mikanda inayotoa nguvu kwenye injini kupeleka kwenye mapanga. Kazi yenu ya kuongeza na kupunguza nguvu kila dakika inaila, na mita iliyolala haimwambii fundi lolote. Ikikatika una kama sekunde moja kushusha lever ya kupandia na kushukia, mapanga ya R22 ni mepesi, hayasubiri. Ukiwa juu sana unaweza kuteleza mpaka chini. Ukiwa futi 30 nyuma ya ng'ombe, bila mwendo, huna cha kuteleza nacho. Hapo sijagusa upepo wa nyuma wala nyaya. Februari 2022 huko huko kwenu R44 ilianguka ikiwa imemning'iniza mtu kwa kamba anaokota mayai ya mamba. Yule wa kamba alikufa, rubani akapooza. Wachunguzi wakaona kuna uwezekano mkubwa mafuta yaliisha. Hao wachunguzi, ATSB, wana mfumo unaitwa REPCON, unaripoti na jina lako linafichwa.

Kijana wa Meatu: Jina linafichwa, lakini ranchi nzima marubani ni wawili. Atajua.

Dada Pwani: Kwa hiyo ulikuja kuomba ushauri au ruhusa?

Kijana wa Meatu: Nimesema nitafikiria. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunaanza upande wa kaskazini, kuna ng'ombe hawajaonekana tangu masika.

Fundi Spana: Kabla ya kupanda mulika hiyo mikanda kwa tochi, upande wa ndani. Ukiona nyufa au unga mweusi umetapakaa, usipande. Mwambie tumbo linauma.

Mtemi Mstaafu: Nje ya mada kidogo mkuu, hilo dume la Brahman huko wanaliuza shilingi ngapi?